Kushona bure, kushona kwa malipo ukatoa, au kufundisha: fundi ampe Mungu nini?

Dada mmoja mwenye kibanda cha ushonaji jirani na changu, hapa Mwanjelwa, Mbeya, alinijia jioni moja futi kamba ikiwa bado shingoni. "Shikamoo mama. Nataka nimtumikie Mungu kwa cherehani yangu. Kuimba siwezi, kuhubiri naogopa. Nianzie wapi?"

Nikamjibu haraka haraka, huku nafunga mlango: "Ishonee kwaya, mwanangu."

Usiku jibu lile likanikosesha usingizi. Mimi niliwahi kuishonea kwaya bure, nikaumia, na kuna mwenzangu nikamuumiza bila kujua. Kumbe nilimwelekeza njia moja tu, na njia za fundi kumtolea Mungu kazi ya mikono yake ni tatu zilizo tofauti kabisa: kushona bure, kushona kwa malipo ukatoa kile ulichopata, au kumfundisha mwingine kushona. Zote ni za Mungu. Lakini haziwafai watu wale wale, wala hazifai majira yale yale, na anayechagua bila kuzipima anaweza kujikuta anamnung'unikia Mungu yule yule ambaye alikusudia kumtumikia.

Nazilinganisha hapa kwa cherehani kwa sababu ndiyo kazi ninayoijua. Wewe wa jiko, wa umeme, wa hesabu, nisome ukiwa na kazi yako kichwani.

Kushona bure

Anayetajwa kwanza hapa ni Dorkasi wa Yafa, na ni haki yake. Katika Matendo ya Mitume 9 Dorkasi amefariki, na Petro anapofika kwenye chumba cha juu, wajane wamesimama wanalia, wanamwonyesha kanzu na nguo alizowashonea Dorkasi alipokuwa pamoja nao. Mimi huangalia neno moja hapo: wajane. Nguo zile zilikwenda kwa watu ambao wasingeweza kuzilipia. Habari hiyo ndiyo ninayoishika kila ninapoombwa kushona bure, maana kazi ya bure ina thamani kubwa kuliko zote pale ambapo bila hiyo mtu angebaki bila nguo. Mtoto wa kipaimara anayelelewa na bibi yake, wenzake wote wana mashati meupe na yeye hana, huyo hahitaji hotuba. Anahitaji mita moja na nusu ya kitambaa na mtu wa kukaa kwenye cherehani alasiri moja. Siku ile anapopita mbele na wenzake, bibi yake anamwangalia na anajua Mungu hakuwasahau. Fedha niliyotia kwenye kikapu haiwezi kunipa kumwona bibi yule.

Sasa nieleze ya kwaya.

Kwaya moja ya mjini hapa iliniomba niwashonee sare za Pasaka. Wanawake 20, gauni. Wanaume 14, mashati. Nikasema ndiyo palepale, tena kwa furaha, bila kuhesabu. Wakati ule gauni nilikuwa natoza 15,000 na shati 10,000, kwa hiyo nilikuwa nimetoa 440,000 kwa neno moja. Na hiyo ni fedha, ambayo ndiyo nyepesi. Gauni lenye kola na zipu lilinichukua kama saa nne, shati saa tatu. Zidisha: saa 80 za gauni, saa 42 za mashati, jumla 122. Ukishona saa tano kwa siku kwa ajili ya kwaya peke yake, ni siku 24 na zaidi kidogo, bila kugusa kazi ya mteja hata mmoja. Ongeza uzi, gamu ya kola (kile kitambaa kigumu kinachoisimamisha), sindano zinazovunjika na umeme wa LUKU, vitu ambavyo hakuna aliyevitaja kwa sababu watu wasioshona hawavioni.

Vitambaa vilikuja kwa mafungu. Fungu la mwisho liliingia wiki ya Matawi. Nilikuwa nimeahidi, basi nikashona usiku. Mume wangu ndiye aliyepika. Wateja wangu wa Pasaka nikawaambia "njoo kesho" mpaka wawili wakachukua vitambaa vyao wakaondoka, na ada ya mtoto wa pili ya muhula ule ikachelewa. Katika Marko 7 Bwana Yesu anawakemea watu waliosema mali yao ni Korbani, wakfu kwa Mungu, ili wasiwasaidie baba na mama. Nilikuwa nimeisoma sura hiyo mara nyingi sana, lakini sikuwahi kuielewa kama nilivyoielewa mtoto aliporudishwa nyumbani.

Na hilo si baya kuliko yote. Miezi kadhaa baadaye nikaambiwa kwamba sare za kwaya ile, kwa miaka mitatu mfululizo, zilikuwa zinashonwa na mama mjane kwa malipo. Zilikuwa ndiyo kazi yake kubwa ya mwaka. Mimi nilikuja na ukarimu wangu, kazi ikaondoka mikononi mwake. Wanakwaya wenyewe wengi wao ni waajiriwa na wafanyabiashara, kulipa walikuwa wanaweza. Yaani niliwapa bure watu wenye uwezo, na aliyelipia ukarimu ule ni mjane.

Kwa hiyo kwa kushona bure naweka swali moja mbele ya mengine yote: yule ninayemshonea, kama si mimi, angelipa? Kama angelipa, basi kuna fundi mahali fulani ninayemnyang'anya. Kama asingelipa kwa sababu hana, hapo kaa kwenye cherehani, wala usisite.

Swali la pili ni la kiasi, na hapo napenda kumtazama Hana, mama yake Samweli. 1 Samweli 2:19 inasema alikuwa akimfanyia mwanawe kanzu ndogo na kumletea mwaka kwa mwaka, alipopanda na mumewe kutoa dhabihu. Kanzu moja kwa mwaka. Sisi mafundi tunaelewa maana yake: mtoto anakua, kwa hiyo kila mwaka mama huyu alikaa akakadiria mabega ya mtoto asiyemwona kila siku. Ni sadaka ndogo, inamalizika, inafika siku yake. Mimi sare 34 zilinichosha nikakasirika na kanisa mwaka mzima.

Kushona kwa malipo, ukatoa

Watu wengi wanaiona njia hii kuwa ya chini, kama vile aliyetoa fedha amekwepa kazi. Sikubaliani nao hata kidogo.

Paulo alipofika Korintho alikaa kwa Akila na Prisila kwa sababu kazi yao ilikuwa moja, kushona mahema, akafanya kazi nao. Siku za sabato alihojiana na watu katika sinagogi. Mahema yale hayakuwa ya hekalu. Yalikuwa ya kuuzwa sokoni kwa mtu yeyote mwenye fedha, na fedha ile ndiyo iliyomfanya asimlemee mtu. Baadaye anawaambia wazee wa Efeso kwamba mikono yake ilitosheleza mahitaji yake na ya wale waliokuwa pamoja naye. Na angalia: Sila na Timotheo walipoteremka kutoka Makedonia, Paulo akasongwa na lile neno. Hali ilibadilika, naye akabadilisha jinsi ya kutumika. Hakujifunga kwenye njia moja maisha yake yote.

Sisi Wamoravian tuna habari yetu inayofanana na hiyo. Watumishi wawili wa kwanza waliotumwa kutoka Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1732, kwenda kwa watumwa wa kisiwa cha Saint Thomas huko Karibi, walikuwa mafundi: Leonhard Dober mfinyanzi na David Nitschmann seremala. Walikwenda wakitegemea mikono yao. Seremala akapata kazi, wakaishi wote wawili kwa randa na msumeno wake. Mfinyanzi hakuweza kuendelea na ufundi wake kule. Nitschmann aliporudi Ulaya mwaka uliofuata, Dober akabaki, akatumika nyumbani kwa gavana, kisha akaona kazi ile inamweka mbali na watumwa aliowafuata, akaiacha akawa mlinzi. Habari hii inanigusa kwa sababu inasema wazi jambo ambalo hatulihubiri: ufundi wako unaweza kuwa mzuri na usihitajike pale ulipo. Hapo usilazimishe. Miaka 159 baada ya safari ile Wamoravian wakafika Rungwe, wilaya ya jirani na hapa, na mimi ni tunda la mti ule.

Faida ya njia hii ni kwamba kanisa lina mahitaji mengi ambayo cherehani haiwezi kuyashona. Mabati hayashonwi. Posho ya mwinjilisti wa mtaa wa mlimani haishonwi, wala dawa za mgonjwa. Mkulima akileta mkungu wa ndizi au debe la mahindi siku ya mavuno, tunaupiga mnada nje ya kanisa na fedha inaingia kazini. Hakuna anayemwambia mkulima sadaka yake si ya kiroho. Gauni nililoshona kwa malipo halafu nikaleta malipo, ni mkungu wangu wa ndizi.

Udhaifu wake ni kwamba fedha haina sauti. Nguo ya yatima inaning'inia kwenye msumari ukutani inakudai. Fedha inaingia mfukoni, inakutana na mkaa, vocha na mchango wa harusi, na ikifika Jumapili haipo. Mimi nilishindwa mara nyingi mpaka nikaanza kuandika: daftari la wateja, kila gauni la kumi naweka msalaba mdogo kwa kalamu nyekundu kabla sijalikata, na malipo yake yanaingia kwenye kopo yakiwa mazima. Nikilikata lile gauni najua ni la nani, na sisemi uongo, mkono unatulia kuliko kwenye yale tisa.

Udhaifu wa pili ni upweke. Unatoa, hukutani na mtu. Fundi mwenye moyo wa kupenda watu, njia hii peke yake itamkausha.

Kufundisha

Kama ningekuwa na nafasi moja tu ya kumpa yule dada jibu, ningempa hili, ingawa ndilo gumu kuliko yote matatu.

Bezaleli, fundi wa hema ya kukutania, anasifiwa kwa kujazwa Roho wa Mungu katika ujuzi wa kazi, kukata vito, kuchonga miti, kufuma na kutia taraza. Hilo tunalihubiri. Lakini Kutoka 35:34 inaongeza kwamba Mungu alitia moyoni mwake, yeye na fundi mwenzake Oholiabu, wapate kufundisha. Kufundisha ni karama iliyotajwa juu ya ufundi, na hema isingesimama kwa mikono miwili. Tena sura inayofuata inasema watu walileta vitu mpaka vikazidi na Musa akawazuia. Vitu vinaweza kuzidi. Mafundi sijasoma mahali palipoandikwa kwamba walizidi.

Watawa Wabenediktini waliofika Peramiho, Songea, mwaka 1898 walikuwa na mabruda wenye kazi zao za mikono, na karakana zao ziliwafunza vijana wa nchi hii useremala, uashi, ushonaji, uchapaji. Mtu aliyefundwa pale aliondoka na kitu ambacho hakuna awezaye kukirudisha ghalani.

Kwa karibu, kufundisha kunaonekana hivi. Binti anakuja, ameacha shule kidato cha pili, ana mtoto mgongoni. Siku ya kwanza hashoni kitu. Anakaa kwenye cherehani ya kukanyaga, natoa uzi wote kwenye sindano, nampa karatasi ya mfuko wa saruji niliyoichora mistari, anaifuata mistari kwa matundu ya sindano bila uzi. Mguu unamshinda, gurudumu linarudi nyuma badala ya kwenda mbele, sindano inakatika. Ya pili inakatika. Analia kidogo. Namwambia, "Polepole mwanangu, usiikimbize, kanyaga kama unabembeleza mtoto." Baada ya siku nne matundu yanakaa juu ya mstari, na yeye mwenyewe anaiinua ile karatasi dirishani anatazama mwanga unavyopenya kwenye vile vitundu vilivyonyooka. Nimefanya kazi hii miaka mingi na bado nasimamisha cherehani yangu kumtazama anayefanya hivyo.

Gharama zake nazitaja bila kuficha. Mwanafunzi ataharibu kitambaa cha mteja, na utakilipia wewe. Miezi mitatu ya kwanza anakupunguzia kazi badala ya kukuongezea. Anaweza kuondoka akiwa amejua nusu. Akijua yote, anaweza kufungua kibanda mita hamsini kutoka chako na kuondoka na wateja wako wawili watatu, na hapo ndipo utajua kama kweli ulimpa Mungu au ulikuwa unatafuta msaidizi wa bure. Nawajua mafundi wanaomweka binti miaka miwili akifagia na kutia vifungo, wanaita kumlea kiroho. Huo si utumishi, ni unyonyaji, na ubaya unazidi likitajwa jina la Yesu juu yake. Ukianza kumfundisha, mwambie tangu mwanzo ni lini atakata kitambaa chake cha kwanza.

Kitu kinachotangulia vyote

Kuna jambo ambalo lisipokuwepo, njia zote tatu zinaoza. Mabaki ya kitambaa cha mteja ni ya mteja. Mita tatu alizoleta, kama gauni limekula mbili na nusu, ile nusu mrudishie, hata kama hajauliza. Na ukisema Ijumaa, iwe Ijumaa. Mathayo 5 inamwambia mtu aiache sadaka yake mbele ya madhabahu kwanza akapatane na ndugu yake. Kwa sisi mafundi ndugu huyo mara nyingi ni mama aliyekuja mara nne kufuata sare ya mtoto wake. Siku hizi kabla sijapokea kazi yoyote ya kanisa nahesabu viporo vilivyoko kwenye rafu. Vikizidi saba, nasema bado.

Kwa wenye kazi nyingine

Mizani hubadilika kulingana na kazi. Mpishi hana njia ya pili pale msiba unapotokea: saa nane usiku fedha haichemshi maji, inahitajika mikono, kwa hiyo kwake utumishi wa bure ndio moyo wa jambo. Fundi umeme anaitwa kanisani mara mbili tatu kwa mwaka. Atengeneze bure, ni saa chache, mradi vifaa vinunuliwe na kanisa na asiachiwe kununua yeye. Mhasibu ni tofauti kabisa. Mahesabu ya ushirika mdogo hakuna atakayeyalipia, na yakiharibika yanavunja watu. Ningemwomba mhasibu atoe ujuzi wake bure, ila asishike daftari na ufunguo wa kasha kwa pamoja, kwa usalama wake mwenyewe. Dereva wa bodaboda, kazi yake ya bure ina mafuta ndani yake kila kilomita, kwa hiyo apange safari ngapi kwa mwezi, za wagonjwa, akimaliza asione haya kusema zimekwisha. Muuguzi na mwalimu ningewasogeza upande wa kufundisha mapema kadiri wawezavyo.

Na umri nao una neno. Kijana asiye na watoto ana jioni; atoe jioni. Mwenye ada za watoto watatu atoe gauni la kumi, asijione mdogo. Sisi ambao macho yameanza kukataa kutunga uzi, tufundishe.

Nilichomwambia yule dada

Nilimfuata asubuhi yake kibandani kwake, nikamwambia jibu la jana lilikuwa la haraka. Tukakaa. Nikamuuliza ana watoto wangapi, kodi ya kibanda anailipa vipi, Januari anapata sare za shule ngapi. Kumbe Desemba na Januari ndiyo miezi inayomlisha hadi Aprili. Basi hiyo miezi miwili tukaiweka pembeni: asipokee kazi ya bure hata moja, afanye kazi, na kila sare ya kumi iwe ya kopo. Februari mpaka Mei, Ijumaa alasiri, mtoto mmoja wa kipaimara asiye na mtu, mmoja tu, apimwe na ashonewe mpaka avae. Kufundisha nikamwambia asubiri mwaka mmoja, kwanza kola zake zikae sawa, maana ulichokosea ndicho utakachofundisha.

"Na kwaya, mama?"

Nikamwambia kwaya wamlipe yule mjane. Nilikwenda mwenyewe kwa mwenyekiti wao, nikamweleza yote, na nikaomba radhi. Mama yule naye nilimfuata kwake. Alinikaribisha chai. Hakusema mengi, alinionyesha kola aliyokuwa anaikata, akaniuliza gamu ninayotumia nainunua wapi.

Sare za Pasaka iliyopita alishona yeye, zote 34, kwa malipo. Alfajiri ile makaburini, tunakosalia Pasaka sisi Wamoravian, bado giza na baridi ya Mbeya, taa za simu zikiwamulika wanakwaya, nilikuwa nimesimama nyuma yao, na nilichokiona kwanza ni mishono ya mabega, imenyooka kuliko ile yangu ya mwaka ule.